Amechonga Jina Langu Kaburini Duluth, Mimi Nataka Kuishi Las Cruces

Bi Odessa mpendwa,

Salamu zangu ni fupi kwa sababu nina hasira, na hasira yenyewe imeingia wiki ya saba, napika nayo, nalala nayo, naamka nayo, nimeipeleka hadi kanisani ikakaa nami kwenye benchi, na mchungaji alipotuambia tupeane mkono wa amani nilimpa mume wangu vidole viwili kama ninayempa fundi bomba. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo jingine, maana moja nimeshalifanya na nitalisema huko chini. Majina yote ni ya kweli, yaache kama yalivyo, maana kama Wayne hakuona aibu kuandika jina langu pale alipoliandika, mimi sioni aibu kuandika la kwake gazetini.

Naitwa Eloisa Lahti, nina miaka sitini na miwili, nimezaliwa Las Cruces, New Mexico, na kwa miaka thelathini na minane nimeishi Duluth, Minnesota, mji wa mume wangu. Wayne alikuwa askari kwenye kambi ya jangwani karibu na kwetu, kijana mrefu, uso umebabuka kwa jua, haongei, na mimi mjinga nikadhani mtu asiyeongea ana mengi moyoni. Tukaoana mwaka themanini na nne, mwaka uliofuata baba yake akaugua huku, Wayne akasema hana budi kurudi, kuna kazi bandarini ya kupakia madini ya chuma melini, na mama yangu alilia pale mezani mpaka chakula kikapoa, ndipo Wayne akamshika mkono akamwambia maneno ambayo nayakumbuka yote, kwa sababu yalikuwa mengi kuliko aliyowahi kusema siku nyingine yoyote. Alimwambia, "Mama, nipe miaka yangu ya kazi tu. Siku nikistaafu nitamrudisha Eloisa kwenu, na mimi nitakuja naye."

Basi nikaja. Nikahamia hadi kanisa lake. Nikajifunza kuendesha gari kwenye barafu katika mji ambao barabara zake zote zinateremka kama ngazi hadi ziwani, nikajifunza kuoka bakuli la viazi na nyama ya kusaga lisilo na hata punje ya pilipili, maana wifi yangu Marlys aliwahi kuonja mchuzi wangu akanywa maji glasi tatu akasema ni mtamu sana, na huku ndivyo walivyo, mtu anaungua ulimi anakwambia ni mtamu sana. Nimechota theluji kwa koleo miaka thelathini na minane, Bi Odessa, nimemzika mama mkwe wangu mwezi wa tano ilhali alifariki mwezi wa kumi na mbili kwa sababu ardhi ya huku ikiganda hata maiti anaambiwa asubiri, na Februari hii nimeteleza mlangoni nikavunjika kiwiko, na mume wangu alipokuja kuninyanyua aliniambia nijifunze kutembea kama bata. Sikusema kitu. Nilikuwa nahesabu miezi, nikajiambia vumilia, Aprili anastaafu.

Aprili akastaafu. Wenzake wa bandarini wakamletea keki, na mimi usiku ule nilitoa masanduku chini ya ngazi nikayafuta vumbi. Hapo ujue kwamba mama yangu alipofariki miaka minne iliyopita alituachia mimi na dada yangu Ramona nyumba yake, Ramona anaishi kwenye nyumba kubwa, na ile ya uani yenye vyumba viwili imekaa tupu ikinisubiri mimi, na Ramona amekataa watu wote waliotaka kuingia, hata mtoto wake mwenyewe Gilbert ambaye mkewe ana mimba na wanaishi kwa wakwe wakibanana, akamwambia nyumba hii ni ya mama yako mdogo, anakuja. Kila Krismasi Ramona anapiga simu, Wayne anachukua simu kwa mkono wake, anamwambia, "Hivi karibuni tu, shemeji, hivi karibuni tutafika." Hiyo hivi karibuni imeanza mwaka ambao Kaisa wangu alikuwa bado ananyonya, na Kaisa sasa ana miaka thelathini na tano.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mwisho wa Mei, siku ya kuwakumbuka marehemu, sisi wote huku huenda makaburini kusafisha na kupanda maua, na mimi kila mwaka huenda na Marlys kwa wakwe zangu, yeye anabeba maua mimi nabeba maji. Mwaka jana na mwaka juzi siku hiyo nilikuwa kwa Kaisa huko Minneapolis, kwa hiyo nilikuwa sijafika pale kwa muda. Tukamaliza kwa baba mkwe na mama mkwe, nikadhani tunarudi kwenye gari, nikamwona Marlys anasogea hatua mbili kulia, anapiga magoti mbele ya jiwe jipya la rangi ya kijivu linalong'aa, anaanza kuchimba. Mimi nikasimama pale nikijiuliza nani amefariki kwenye ukoo huu bila kuambiwa. Kisha nikasoma. LAHTI, kubwa, juu. Kushoto Wayne na mwaka wake wa kuzaliwa na mstari. Kulia Eloisa, elfu moja mia tisa sitini na moja, na mstari, na baada ya mstari ni patupu, panangoja. Katikati wamechora msonobari na yule ndege wa ziwani anayelia kama mtu anayenyongwa, ambaye nimemwambia Wayne mara mia simpendi. Na wifi yangu, bila hata kugeuka, mikono yake imejaa udongo, akaniambia, "Upande wako nimeweka mekundu mwaka huu. Najua mekundu ndiyo unayoyapenda."

Mwaka huu. Kumbe mwaka jana alipanda rangi nyingine. Kumbe mwaka juzi pia. Nimekuja kujua jiwe lina miaka miwili pale, Marlys anajua, mchungaji anajua, wanawake wa kwaya wanajua, wamenisifu supu yangu kila Jumapili na wanajua nitalazwa wapi, na mimi mwenye jina ndiye sijui. Nilimwaga ndoo ya maji pale pale chini nikatembea hadi nyumbani, mwendo wa saa nzima, na Marlys ananifuata na gari polepole akiniambia kupitia dirishani nipande nisijeumwa miguu.

Nikamkuta Wayne kwenye kile kibanda chake cha sauna, cha kukaa kwenye mvuke wa moto mpaka jasho limtoke, anapanga kuni. Nikamuuliza. Hakukana, hakushtuka, akaniambia jiwe lilikuwa liwe mshangao wa kutimiza miaka arobaini ya ndoa, hapo mwakani, na kwamba sehemu nzuri karibu na wazazi wake ilikuwa moja tu imebaki, angechelewa angeichukua mwingine. Mshangao, Bi Odessa. Wanawake wengine wanapewa pete. Nikamwambia, Wayne, tunahamia Las Cruces, uliahidi mbele ya mama yangu, umekula chakula chake ukaahidi. Akaweka gogo chini, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yamenifanya nikuandikie.

"Nilimwahidi mama yako," akasema. "Na mama yako ameshafariki."

Akaendelea kupanga kuni.

Tangu siku hiyo simsemeshi. Nampikia, namwekea sahani, natoka. Mwanzoni nilidhani ataumia, kumbe yeye anaona nyumba imetulia, juzi amemwambia Marlys kwamba nimeshatulia. Nimempigia Kaisa nikalia, Kaisa ameniambia mama usilikuze, baba ndivyo alivyo, halafu jiwe lenyewe ni zuri, ameniomba nimtumie picha. Nikakata simu.

Na sasa naungama. Siku hiyo hiyo ya kuni niliingia ndani nikampigia Ramona nikamwambia tunakuja, sote wawili, tarehe mosi Septemba, Wayne amekubali, amefurahi sana. Sijui yalitoka wapi maneno hayo, yalitoka tu, na yalipotoka nikaona raha. Ramona alipiga vigelegele. Siku ya pili alimwambia Gilbert aache kuiwazia ile nyumba, atafute pengine, na Gilbert kanuna hadi leo haji kumsalimu mama yake. Ramona amepaka rangi vyumba vyote viwili, amemtafutia Wayne kiti kikubwa cha kukalia barazani, amewaambia watu wa mtaa mzima, na wiki iliyopita amenitumia picha ya sanduku la barua pale getini, jipya, limeandikwa LAHTI kwa rangi ya buluu. Nilipoliona nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaogopa. Wayne hajui lolote. Yeye anasoma ukurasa wa hali ya hewa na ukurasa wa samaki, basi.

Naomba uniambie, Bi Odessa, niishi wapi? Nikibaki Duluth nitakuwa naishi kwenye foleni ya kaburi langu, kila nikienda sokoni nitakutana na mtu aliyemwagilia maua yangu. Nikienda Las Cruces nitakuwa nimemwacha mwanamume niliyekaa naye miaka thelathini na tisa, tena mzima, hajanipiga, hajalewa, hana mwanamke mwingine, na watu watasema nimemwacha kwa sababu ya jiwe. Wiki zilizobaki ni chache na sanduku la barua limeshaandikwa. Nijibu upesi, na usinifundishe kusamehe, mchungaji ameshafanya hivyo.

Mimi mwenye jiwe,
Eloisa Lahti, Duluth

*

Eloisa,

Jibu hili nimekutumia kwa posta siku kumi kabla ya kulichapa, na nikwambie kabisa kwa nini. Umeniruhusu niweke majina. Nimeyaweka. Lakini unajua vizuri kuliko mimi kwamba katika mji wenu gazeti hili litafika kwa Marlys kabla ya kahawa ya pili, na Marlys atakuwa kwenye simu kabla ya ya tatu. Ulitaka habari ya kuondoka kwako Wayne aisikie kutoka kwangu, bibi wa miaka sabini na minne aliye Toledo, Ohio, asiyemjua hata sura. Sikubali kazi hiyo. Una siku kumi za kumwambia kwa mdomo wako. Zikipita, hili linachapwa umesema au hujasema.

Sasa tuanze na mumeo, maana najua unasubiri nimpasue, na nitampasua kwa moyo mmoja. Mwanamume anayesema ahadi imekufa kwa sababu aliyeahidiwa amekufa ni mwanamume aliyekuwa anasubiri kifo hicho. Hiyo si kusahau, wala si upole wa watu wa kaskazini wasiopenda maneno. Alikuwa na ulimi wa kutosha kumwambia mchonga mawe mwaka wako wa kuzaliwa. Alikuwa na ulimi wa kuchagua ndege. Angeweza kukuambia miaka kumi iliyopita, "Eloisa, naogopa kuondoka, hapa ndipo ninapojijua," na ungelia, mngegombana, mngejua mnasimama wapi. Badala yake amekuacha ufute vumbi masanduku. Anajua kabisa alichofanya, ndiyo maana alikuwa anapanga kuni mwezi wa Mei, baridi ikiwa imeshakwisha.

Umeniomba nisikufundishe kusamehe. Sina nia hiyo. Watu watakuambia hasira hasara, na wengi wao ni watu wanaofaidika ukinyamaza. Hasira yako ni ya haki na ina umri wa kutosha kupiga kura. Ila imekaa sana bila kazi, Eloisa, na hasira isiyo na kazi inazurura, inaingia nyumba za watu. Imeingia kwa Gilbert.

Ndiyo, nimefika kwako, keti vizuri. Umemlaani Wayne kurasa tatu kwa sababu alimpangia mtu mzima mahali pa kulala bila kumuuliza, akawaambia watu wote isipokuwa mwenyewe. Kisha umenyanyua simu ukampangia Wayne nyumba, kiti na sanduku la barua, ukawaambia watu wote isipokuwa mwenyewe. Ukaona raha, umesema mwenyewe. Basi na yeye aliona raha hiyo hiyo pale kwa mchonga mawe. Mmekaa pamoja miaka thelathini na tisa mkafanana, na hilo ndilo linalokuchekesha jikoni peke yako. Tofauti ni moja, tena si kwa faida yako: jiwe la Wayne halikumtoa mtu nyumbani. Simu yako imemnyima paa mwanamke mwenye mimba.

Na kuna jambo jingine ambalo umelipita haraka sana kwenye barua yako, nikarudi kulisoma mara mbili. Katika miaka thelathini na minane, kabla ya siku ile ya kuni, ni wapi umeandika kwamba ulimwambia Wayne unataka kurudi kwenu? Nimetafuta. Nimekuta ahadi yake kwa mama yako, nimekuta simu za Ramona, nimekuta wewe ukihesabu miezi kimyakimya. Ulivunjika kiwiko, hukusema kitu, ni maneno yako hayo. Umejifunza kupika bila pilipili, na umejifunza vilevile kuungua ulimi na kusema ni mtamu sana. Simwondolei Wayne kosa hata chembe. Nakwambia tu kwamba ulimwachia yeye peke yake kazi ya kukumbuka, na aliyeachiwa kazi asiyoipenda hujifanya hamnazo.

Basi umeniuliza uishi wapi. Nitakujibu, lakini kwanza nikupime, maana sina hakika unataka Las Cruces au unataka kumshinda Wayne.

Mpigie Ramona leo. Mwambie ulidanganya. Usizungukezunguke, usianze na jiwe, anza na uongo wako, jiwe lije baadaye. Mwambie Wayne hajakubali, hajaulizwa, na huenda haji kabisa. Kisha mwambie nyumba ya uani ampe Gilbert na mkewe, leo leo, kabla mtoto hajazaliwa kwa wakwe. Na wewe omba chumba ndani ya nyumba kubwa, kwa dada yako, kitanda kimoja na dirisha. Usikilize moyo wako unavyosema ukisoma hapa. Kama umeruka juu ukasema siendi kulala chumba cha wageni nyumbani kwa mama yangu, basi ulichokuwa unakitaka ni ushindi, na ushindi unaweza kuupata hapo hapo Duluth bila kupanda ndege. Lakini kama umesema chumba kinatosha, hata barazani panatosha, basi jibu unalo na hukunihitaji mimi.

Nakuandikia mimi nikiamini umesema kinatosha. Kwa hiyo nenda.

Nenda tarehe mosi Septemba kama ulivyomwambia Ramona, angalau hilo moja liwe kweli. Kabla hujaenda, mkalishe Wayne mchana, runinga imezimwa, asiwe na gogo wala koleo mkononi. Mwambie mambo matatu tu: kwamba unaondoka, kwamba ulimdanganyia Ramona kwa jina lake na umeshasahihisha, na kwamba anakaribishwa kuja kwa miguu yake mwenyewe siku yoyote atakayotaka. Usimuulize unaonaje. Ukimuuliza atakwambia tutaona, na hiyo tutaona yenu imeshakula miaka thelathini na minane. Atakwenda kwenye sauna yake, mwache akatokwe jasho. Usimfuate, usimpikie cha kumlainisha, na kiti alichotafutiwa na Ramona akikalie Ramona mwenyewe, ana haki ya kupumzisha miguu.

Watu watasema umemwacha mume kwa sababu ya jiwe. Waache waseme. Wale wa kwaya wameweza kukaa kimya miaka miwili juu ya jambo lililokuhusu wewe, watashindwaje kuongea juu ya lisilowahusu wao? Hata hivyo sijakwambia uvunje ndoa. Nimekwambia uhame. Ndoa ina simu, ina ndege ya kwenda El Paso, jirani na kwenu, na ina mwanamume mzima mwenye miguu miwili aliyestaafu, asiye na kazi ya kumzuia. Kama ndoa yenu itakufa kwa sababu mmoja ametimiza kile ambacho nyote wawili mlikubaliana, basi iliuawa siku nyingi na si wewe uliyeiua.

Jiwe liache lilivyo. Usilivunje, usilipake rangi, usibishane na Marlys juu ya maua. Chukua karatasi, andika kwa mkono wako unataka kuzikwa wapi, weka sahihi mbele ya mashahidi wawili, nakala moja mpe Kaisa, na umwambie kwamba hii ndiyo picha aliyokuomba. Labda utaandika Las Cruces. Labda ukikaa miaka kumi kwenye jua la kwenu utaandika Duluth, karibu na Wayne, kwa hiari yako, sitakushangaa. Lakini litakuwa neno lako.

Sasa nikwambie kwa nini nimekukemea hivi, halafu niweke kalamu chini.

Mimi nimezaliwa Mobile, Alabama. Nilikuja Toledo kumfuata Clifton, alipata kazi kiwanda cha vioo, akaniambia ni miaka mitano. Ilipofika mitano akasema mwaka kesho. Mimi nilikuwa mwanamke mwenye maneno, wasomaji wangu mnanijua, niliwagombeza watu wote gazetini humu, nikawaambia wake za watu semeni, semeni, na nyumbani kwangu sikumwambia Clifton hata siku moja kwamba nataka kwenda kwetu. Nilitaka akumbuke mwenyewe. Nilitaka nimwone akiona haya. Akafa Jumanne moja mwezi wa tatu akiwa anafunga kamba za viatu, nami bado namsubiri akumbuke.

Dada zangu watatu walikuwa hai wakati ule. Nilibaki Toledo kwa jeuri, mwaka mmoja, miwili, kisha tisa, namnunia maiti. Leo hakuna wa kunizuia, Eloisa, na tiketi ya Mobile naweza kuikata kesho asubuhi. Nikifika nitalala hotelini.

Mpigie Ramona.

Bi Odessa Trimble